Takrima si Ukarimu: Zawadi Ipofushayo Macho na Kuziba Midomo



Kila baada ya miaka 5, wakati wa kuwachagua madiwani, wabunge na Rais unapokaribia, vijiji vyetu hupata wageni wengi kwa ghafla. Watu ambao hatukuwaona msibani, hatukuwaona kisimani, wala hatukuwaona katika foleni ya zahanati, huja na magari yaliyosheheni khanga, fulana, sukari na noti mpya. Huwajulia hali wazee wetu kwa majina. Huchinja ng'ombe. Huwabeba watoto wetu na kupigwa picha. Nasi tukiuliza jambo hili laitwaje, twajibiwa kwa upole kwamba si rushwa, ni takrima; ndiyo mila yetu Waafrika.

Waraka huu mfupi wakusudia kusema, bila kuuma maneno, kwamba jibu hilo ni uongo. Kwamba uongo huo humwangamiza maskini kabla ya kumwangamiza mtu mwingine yeyote. Na kwamba sisi tulio Kanisa tumeula pamoja na walioupika.

1. Neno jema lililotekwa

Takrima ni neno la heshima. Limetoka katika Kiarabu, katika shina moja na ukarimu na karama. Maana yake ni yale apewayo mgeni ili kumtukuza: chakula, kinywaji, mahali pa kulala. Hakuna ubaya wowote ndani yake. Ubaya uliingia pale neno hili lilipochukuliwa na kuvikwa rushwa kama kanzu.

Mwaka 2000 Bunge letu liliifanyia marekebisho Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985. Humo iliwekwa kwamba jambo litendwalo kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, lisihesabiwe kuwa rushwa ya uchaguzi. Hivyo tukapiga kura mwaka 2000, na tena mwaka 2005, chini ya sheria iliyompa mgombea tajiri ruhusa ya kutukirimu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine 2 walikwenda mahakamani, na mwezi Aprili mwaka 2006 majaji 3 wa Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam walivitangua vifungu hivyo kuwa vyapingana na Katiba. Hoja yao ni rahisi kuelewa: mwenye fedha na asiye na fedha hawawezi kuhesabiwa sawa mbele ya wapiga kura iwapo mmoja ameruhusiwa kugawa na mwingine hana cha kugawa. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi ili kuweka mipaka katika matumizi hayo.

Nabii Isaya, katika sura ya 10, awatangazia ole watungao amri za dhuluma ili kuwanyima wanyonge haki yao na kuwafanya wajane kuwa mateka. Watu wengi hudhani kwamba dhambi ya kiongozi ni kuvunja sheria tu. Nabii aona mbali zaidi: yako maovu ambayo hupitishwa kwanza kuwa sheria, kisha hutendwa mchana kweupe. Tumshukuru Mungu kwamba sheria ile iliondolewa. Lakini desturi haikuondoka pamoja nayo. Gari lile lile hufika. Wakati huu hufika usiku.

2. Ukarimu wa Abrahamu na ukarimu wa mgombea

Hebu tuufungue Mwanzo sura ya 18. Abrahamu ameketi mlangoni pa hema yake, penye mialoni ya Mamre, jua likiwa kali. Anawaona watu 3 asiowajua. Anapiga mbio kuwalaki, anainama, anawaletea maji ya kunawa miguu, anaagiza mikate iokwe, anamchagua ndama aliye laini. Wageni wanapokula, yeye mwenye mali anasimama kando yao chini ya mti kama mtumishi. Hakuwauliza watamlipa nini. Hakujua kwamba alikuwa akimkaribisha Bwana.

Huu ndio ukarimu, na ndivyo walivyouishi babu zetu. Mwenyeji ndiye atoaye. Mgeni ndiye apokeaye. Mwenyeji hutoa kwa sababu mgeni amechoka, wala si kwa sababu ana jambo la kumwomba kesho yake.

Sasa tuipime takrima ya uchaguzi kwa kipimo hicho. Hapa mgeni ndiye anayekuja nyumbani kwangu kunilisha mimi mwenyeji. Anakuja katika mwaka mmoja kati ya mitano. Anakuja na daftari la majina. Akiondoka, ninadaiwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wako watetezi wa takrima waupendao sana msemo huo. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu huyu wa uchaguzi huondoka siku ya pili, na jembe halioni hata kwa mbali. Basi mtu asiwasingizie wazee wetu waliokwisha kulala. Rushwa haikuwa mila yao. Waasisi wa TANU walipoandika ahadi za mwanachama, waliitaja rushwa kuwa adui wa haki, na wakamtaka kila mwanachama aahidi kutoitoa wala kuipokea. Nao walikuwa Waafrika, tena walioijua mila.

3. Wana wa Samweli

Iko habari katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli ambayo hatuihubiri vya kutosha. Samweli alipozeeka aliwaweka wanawe wawili, Yoeli na Abiya, kuwa waamuzi huko Beer-sheba. Maandiko yatuambia katika sura ya 8 kwamba hawakufuata njia za baba yao: waliifuata faida, wakapokea rushwa, wakapotosha hukumu.

Tuangalie kilichofuata. Wazee wa Israeli hawakuomba waamuzi walio safi. Walichoka na haki yenyewe, wakaomba mfalme. Samweli akawaonya: mfalme atawachukua wana wenu kwa magari yake ya vita na binti zenu kwa jiko lake, atayatwaa mashamba yenu yaliyo mazuri na kuwagawia watumishi wake, atachukua sehemu ya kumi ya mavuno yenu, ninyi wenyewe mtakuwa watumwa wake, na siku hiyo mtalia wala hamtajibiwa. Hawakusikia.

Somo ni zito. Rushwa ya waamuzi 2 wa mji mmoja ililifanya taifa zima liuchoke uhuru. Watu wanapoona kila siku kwamba haki yanunuliwa, hufika mahali wakasema: heri yeyote mwenye nguvu, mradi mambo yaende. Mla rushwa haibi fedha peke yake. Anaiba imani ya watu kwamba haki yawezekana, na taifa lililoibiwa imani hiyo hujikabidhi lenyewe utumwani.

Na somo la pili: baba alikuwa safi, wana walioza. Haitoshi kwamba mkubwa mmoja ana mikono mitakatifu. Hata hivyo Samweli mwenyewe, katika sura ya 12, alifanya jambo ambalo ningetamani kila kiongozi wetu alifanye. Alisimama mbele ya watu wote, akawauliza ng'ombe wa nani amemtwaa, punda wa nani, nani amemdhulumu, na kwa mkono wa nani amepokea rushwa ili ayafumbe macho yake. Naye akaahidi kurudisha. Watu wakashuhudia kwamba hakuna. Tangu mwaka 1995 tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi watangaze mali zao. Samweli hakuandika fomu na kuifungia kabatini. Alihesabiwa na watu wake hadharani.

4. "Kula kwao, kura kwako"

Wako watu wema, hata walimu wa dini, ambao huwashauri waamini hivi: pokeeni wanachowapa, kwa maana ni fedha zenu walizoiba, kisha mchagueni mnayemtaka. Ushauri huu wasikika kuwa wa busara. Ninaukataa kwa sababu 3.

Kwanza, mpokeaji naye hutenda kosa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani anayetoa na anayepokea, nayo dhamiri yetu ya Kikristo isiwe legevu kuliko sheria ya Serikali.

Pili, ushauri huu hutufundisha kuwa na ndimi mbili. Ninapokea khanga kwa tabasamu na ahadi, huku moyoni nikikusudia kumdanganya aliyenipa. Je, kesho nitamdai yeye ukweli kwa uso gani?

Tatu, hata kama kura yangu haikununuliwa, nimeipandisha bei ya uongozi. Mwalimu mwadilifu wa kijijini, mkunga anayeaminiwa na akina mama wote wa kata, hawatathubutu kugombea, kwa maana hawana ng'ombe wa kuchinja. Hivyo majina yaliyomo katika karatasi ya kura yamekwisha kuchujwa na fedha kabla mimi sijaishika kalamu.

Na tufanye hesabu. Tuseme mtu amekupa shilingi 5,000. Igawanye kwa miaka 5 ya uongozi wake: shilingi 1,000 kwa mwaka, chini ya shilingi 3 kwa siku. Yuda alipewa vipande 30 vya fedha, ambavyo katika Kutoka sura ya 21 ni fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe. Sisi twajiuza kwa bei iliyo chini ya hiyo.

Najua mtaniambia: Padre, mtu mwenye njaa hali hesabu. Ni kweli. Esau naye alikuwa na njaa ya kweli alipotoka porini na kuiuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa mchuzi wa dengu. Lakini katika habari hiyo ya Mwanzo sura ya 25 yuko pia Yakobo, aliyekuwa na chungu cha chakula mekoni, akamwona ndugu yake anazimia, na badala ya kuona ndugu akaona soko. Dhambi ya Esau ilikuwa kuidharau haki yake. Dhambi ya Yakobo ilikuwa kuifanyia biashara njaa ya mwenzake. Mgombea agawaye sukari kwa wenye njaa, huku akitarajia waendelee kuwa na njaa hadi uchaguzi ujao, ndiye Yakobo huyo. Anayaogopa maendeleo yetu, kwa sababu mtu aliyeshiba hanunuliki kwa kilo moja.

5. Bili hulipwa na mnyonge

Aliyetumia fedha nyingi kupata kiti atazirudisha. Hazitatoka mbinguni. Zitatoka katika dawa zisizofika zahanati, katika daraja lililojengwa kwa saruji haba, katika ardhi ya kijiji iliyogawiwa mwekezaji bila mkutano halali wa kijiji. Na walio chini yake, wakiona mkubwa anavuna, nao hufungua vibanda vyao vidogo.

Mwaka 1996 Tume ya Rais ya kuchunguza kero ya rushwa, chini ya Jaji Joseph Warioba, iliwatenganisha wala rushwa wa aina 2: wale wanaopokea kidogo kidogo kwa sababu kipato chao hakiwatoshi, na wale wakubwa wanaopokea kwa tamaa ya kujilimbikizia mali. Wa kwanza huitaka "chai" mlangoni mwa hospitali, kituo cha polisi, mahakama. Wa pili hawaonekani mlangoni. Wao huuza mlango wenyewe. Lakini wote wawili humkuta mtu yule yule amesimama nje. Amosi, katika sura ya 5, awashutumu wapokeao rushwa na kumgeuza mhitaji langoni asipate haki yake. Lango la mji lilikuwa ndiyo mahakama ya siku zile. Tajiri alikuwa na njia nyingine. Maskini alikuwa na lango tu. Ndiyo maana rushwa ni dhambi dhidi ya maskini hasa: humfungia mlango mmoja alionao.

Nasi tusiwachanganye anayenyang'anya na anayenyang'anywa. Mama aliyedaiwa fedha leba, huku uchungu umembana, akatoa, huyo ameibiwa. Hakuna padre atakayemtwisha mzigo wa dhambi juu ya mzigo wa uzazi. Msichana aliyeambiwa kwamba atapewa kazi au kufaulu mtihani kwa kuutoa mwili wake, huyo ameonewa. Sheria ile ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, yaitambua rushwa hiyo ya ngono kuwa kosa la anayeidai. Hukumu ya Mungu iko juu ya aliyeshika mlango.

6. Mdomo wetu uliozibwa

Hapa sina budi kujisema mimi mwenyewe, maana haifai kunyosha kidole kwa mkono usiooshwa.

Miaka iliyopita, katika parokia niliyoitumikia, tulifanya harambee ya kuezeka kanisa la kigango. Mwanasiasa mmoja aliyekuwa akijiandaa kugombea alikuja akiwa mgeni rasmi, akatoa mabati yote. Tulimwimbia. Nikampa nafasi ya kuwasalimu waamini kabla ya baraka ya mwisho, na salamu hiyo ilikuwa ndefu kuliko mahubiri yangu. Miezi michache baadaye alinijia mjane wa kigango hicho hicho. Shemeji yake alikuwa amelitwaa shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa amekwenda ofisini mara 3, na mara ya tatu akaambiwa aje na kitu mkononi. Shemeji huyo alikuwa mpiga debe mkubwa wa mfadhili wetu. Yule mama hakuniomba fedha. Aliniomba niende naye tu, nikaketi karibu naye, ili waone kwamba ana mtu.

Sikwenda. Nilimwambia tusali. Nilijidanganya kwamba ni busara ya kichungaji. Kumbe nilikuwa nayaangalia mabati.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 20, asema kwamba zawadi huyapofusha macho ya wenye hekima na kuzuia maonyo kama kizuizi mdomoni. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo seminarini, nikayafanyia mtihani, nikafaulu. Sikujua kwamba kizuizi chaweza kuwa cha bati. Mama yule alihamia kwa binti yake, na hadi leo shamba halijarudi. Nimemwomba radhi. Amenisamehe kwa wepesi unaonitia aibu.

Mika, katika sura ya 3, awataja pamoja viongozi wanaohukumu kwa rushwa, makuhani wanaofundisha kwa ujira na manabii wanaotabiri kwa fedha, ambao wote hao humtegemea Bwana na kusema hakuna baya litakalowapata. Tuone kwamba kuhani hakuachwa nje ya orodha. Tukipokea sare za kwaya, kinanda na saruji kutoka kwa watu tusiothubutu kuwauliza walikozipata, tumeingia katika orodha hiyo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 34, amfananisha anayetoa sadaka kutoka katika mali ya maskini na mtu anayemchinja mwana mbele ya baba yake. Mungu hataki kanisa lililoezekwa kwa shamba la mjane.

7. Tufanye nini?

Toba bila matendo ni kelele. Zakayo, katika Luka sura ya 19, hakulia tu. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Basi aliyekula rushwa na kutaka kuungama ajue kwamba Kanisa hudai pia malipizi: rudisha ulichochukua. Nanyi walei, napendekeza mambo haya.

Kila Halmashauri ya Walei iweke daftari la zawadi zote kubwa ipewazo parokia, lisomwe mbele ya waamini. Katika mwaka wa uchaguzi, anayegombea au kutarajia kugombea asiwe mgeni rasmi wa harambee yetu, wala asipewe kipaza sauti kanisani. Aje asali kama sisi, akae penye nafasi.

Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwachague watu 2 wa kumsindikiza mjane, yatima au mgonjwa aendapo ofisini, hospitali au barazani. Wasibebe fedha; wabebe kalamu na daftari. Rushwa hupenda kumkuta mtu akiwa peke yake. Tangu mwaka 2017 iko sheria ya msaada wa kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Tuwatafute walio karibu nasi. Tangu mwaka 2015 iko pia sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. WAWATA na VIWAWA waisome na kuieleza kwa lugha nyepesi.

Na mwisho, tujifunze kukataa hata kwa gharama. Katika Matendo ya Mitume sura ya 24, liwali Feliki alimwita Paulo mara kwa mara akitumaini kupewa fedha. Paulo hakutoa. Miaka 2 ikapita, Feliki akaondoka madarakani, naye Paulo angali kifungoni. Kwa hesabu ya dunia hii Paulo alikuwa mjinga: kitu kidogo kingalimfungua. Lakini mtume aliyenunua minyororo yake asingaliweza kuhubiri haki mbele ya liwali yeyote tena.

Kanisa lililofungwa minyororo laweza kusema kweli. Kanisa lililonunuliwa haliwezi.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Je, katika uchaguzi uliopita tulipokea nini katika mtaa au kijiji chetu, na tulikiita jina gani?

2. Ni nani katika Jumuiya yetu aliyegeuzwa langoni kwa kukosa kitu mkononi? Tulimfanyia nini?

3. Je, katika kanisa letu kiko kitu tulichopewa ambacho kinatuzuia kusema? Tukifanyeje?

4. Kama Samweli, je, kila kiongozi wa Jumuiya yetu yuko tayari kusimama mbele yetu na kuhesabiwa? Tuanze lini, na nani aanze?